Kaharabu ya Ezekieli si umeme

Malindi haihitaji kuelezwa roketi ni nini. Kaskazini ya mji, baharini mbele ya Ngomeni, ndiko Waitalia walikorusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco kati ya 1967 na 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea uhuru wake, ilipaa kutoka hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei za angani, ikaitwa Uhuru. Kwa hiyo kijana wa kanisa la hapa akiuliza kama nabii Ezekieli, katika maono ya sura ya 1 ya kitabu chake yenye moto, viumbe hai wenye mabawa na magurudumu, aliona chombo cha anga, haulizi utoto. Anapima asichokijua kwa anachokijua. Jibu langu ni hapana, na sababu zake ni tamu kuliko jibu lenyewe.

Dai hili lilienea baada ya 1968, Mswisi Erich von Däniken alipoandika kwamba miungu ya watu wa kale ilikuwa wageni kutoka sayari nyingine. Mhandisi wa NASA, shirika la anga la Marekani, Josef Blumrich, akaazimia kulikanusha kwa hesabu, kisha akageuka na kuandika kitabu cha kuliunga mkono. Hata alichora gurudumu liwezalo kwenda mbele na pembeni bila kugeuzwa, akapewa hataza yake, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, Marekani mwaka 1974. Gurudumu ni kweli lilibuniwa. Lakini kubuni kitu kizuri baada ya kusoma maandishi si ushahidi kwamba mwandishi alikuwa akikieleza kitu hicho.

Tatizo la kwanza liko kwenye neno ambalo watu wa pwani tungepaswa kuwa wa kwanza kulifafanua. Katika Ezekieli 1, aya ya 4 na ya 27, Biblia ya Union Version inataja rangi ya kaharabu. Aliyesoma Kiarabu anajua kwamba leo neno hilo kwa Waarabu ni umeme. Kiebrania cha asili kinasema hashmal, na katika Kiebrania cha kisasa hashmal nayo ni umeme. Lugha mbili, ushahidi mmoja! Hapo ndipo wengi hunaswa.

Fuata njia ya neno lenyewe uone. Waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki, karne kadhaa kabla ya Kristo, waliandika elektron, yaani kaharabu, ule utomvu wa mti uliogeuka jiwe. Kaharabu ikisuguliwa kwa kitambaa huvuta vitu vyepesi, ndiyo maana Waajemi waliiita kinyakua makapi, na jina hilo likapita kwa Waarabu hadi kwetu. Mwaka 1600 Mwingereza William Gilbert alichukua jina la Kigiriki kueleza nguvu hiyo ya kuvuta, na jina la umeme katika lugha za Ulaya likazaliwa. Katika karne ya 19 mshairi Yehuda Leib Gordon alitaka neno la Kiebrania la umeme, akarudi kwa Ezekieli akalichukua hashmal. Basi umeme ndio uliokopa jina kwa kaharabu. Anayesema nabii aliona umeme amesoma kamusi kinyumenyume: amechukua maana iliyozaliwa zaidi ya miaka 2,000 baadaye akamvisha mtu wa 593 KK. Kosa hili halimhusu Ezekieli peke yake. Ukilijua hapa, utalikamata kila linapojificha.

La pili ni neno mfano. Kiebrania chake ni demut, na sura ya 1 inalo mara 10: mara mbili aya ya 5, mara moja moja aya za 10, 13, 16, 22 na 28, na mara tatu aya ya 26. Mwandishi anajizuia kila hatua. Hasemi ameona kiti cha enzi, anasema mfano wa kiti cha enzi. Mhandisi hachori hivyo. Mchoro wa fundi hutaja vipimo. Na neno hilihili ndilo la Mwanzo 1:26, pale binadamu anapoumbwa kwa mfano wa Mungu. Binafsi naona hapa pana utajiri ambao nadharia ya chombo cha anga inautupa jalalani: Ezekieli anamwona juu ya kiti mfano wa mwanadamu.

La tatu, Ezekieli mwenyewe alishajibu. Sura ya 10, aya ya 20, anasema alitambua kwamba wale viumbe hai ni makerubi. Nyuso za mtu, simba, ng'ombe na tai zilizoungana na mabawa hazikuwa ngeni katika nchi alimopelekwa mateka. Mafahali wa mawe wenye mabawa na vichwa vya watu walilinda malango ya majumba ya wafalme wa Ashuru. Nabii anazichukua sanamu za walinzi wa wafalme wakubwa na kuzifanya wabeba kiti cha Mungu wa watumwa.

Ndipo unapoona uchungu wa sura hii. Ezekieli ni kuhani. Aya ya 1 inataja mwaka wa thelathini, ambao wafafanuzi wengi wanauchukua kuwa umri wake, na Hesabu 4:3 inaweka miaka 30 kuwa mwanzo wa utumishi. Alipaswa kuingia kazini hekaluni, naye yuko kando ya mto Kebari, Babeli. Magurudumu yanamwambia jambo moja: kiti kinatembea.

Mkitaka kuisoma sura hii katika kikundi cha watu 8 hadi 12, saa moja na nusu inatosha. Someni aya zote 28 kwa sauti, kwanza Union Version, kisha Habari Njema, kila mtu akipigia mstari kwa penseli "kama", "mfano wa" na "kana kwamba". Baada ya hapo ndipo mchore. Mkianza na picha au video ya mtandaoni, macho yatasoma picha na maandishi yatafuata nyuma kama mkia. Hili ndilo linaloharibu vikao vingi. Kosa jingine ni kuishia sura ya 1. Lazima mfike 10:20, kisha 11:22-23, utukufu unapouacha mji na kusimama juu ya mlima upande wa mashariki. Dakika 20 za mwisho muwape wapenzi wa bunilizi za kisayansi.

Maana sisemi bunilizi hizo zikae nje. Nazipenda, na nafasi yake ni kuuliza upya maswali ya Biblia. Hadithi fupi ya Arthur C. Clarke, "The Star" (1955), inamweka kasisi Mjesuiti, mwanasayansi wa nyota, mbele ya ushahidi kwamba nyota ya Bethlehemu ilikuwa mlipuko ulioangamiza ustaarabu mzima. Kwa maelezo ya Mathayo 2:9 nyota hiyo haiwezi kuwa mlipuko wa mbali, maana inatembea na kusimama. Lakini Clarke hakudai kufafanua Mathayo. Aliuliza swali la Ayubu kwa vifaa vya karne yake, na linauma vilevile.

Na maswali mengine yamekwisha kutoka vitabuni. Mwaka 2007, Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipokwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga mwishoni mwa Ramadhani, wanazuoni wa kwao walimwandalia mwongozo wa sala: aelekee Kaaba akiweza, asipoweza usawa wa juu yake, asipoweza dunia, na asipoweza, popote. Kituo huzunguka dunia kwa takriban dakika 90, jua likichomoza mara 16 kwa siku, hivyo saa za sala zikafuata mahali aliporushwa. Jirani Mwislamu wa Lamu au Malindi ataweza kuueleza mwongozo huo kikundini vizuri kuliko mchungaji, mwalikeni. Kisha msome naye Ezekieli 11:16, ambapo Mungu anawaambia waliotawanyika mbali na hekalu kwamba yeye mwenyewe amekuwa patakatifu pao, kwa kitambo, katika nchi walizoziendea.