Chombo kimeelekea wapi? Nataka jibu linalokiri shaka

Setilaiti za urambazaji hukuambia ulipo. Ulikoelekea ni habari nyingine: ukiwa na antena moja, na chombo kimetulia, huwezi kujua. Zifunge antena tatu zisizo kwenye mstari mmoja, hesabu inawezekana. Wimbi la L1 la GPS lina urefu wa sentimita 19 hivi, na kipokezi kizuri hupima fezi yake (sehemu ya wimbi iliyofikiwa) kwa usahihi wa milimita chache. Antena zikiachana mita moja, kosa la milimita 5 ni kama digrii 0.3.

Ila kipokezi huona kipande cha wimbi tu. Mawimbi mazima yaliyotangulia hakiyahesabu. Kosea wimbi moja, na kwa umbali huohuo jibu laweza kupinda digrii 11. Kazi hiyo ya kusaka namba kamili ningeiachia LAMBDA, mbinu ya Teunissen ya miaka ya 1990. Kuzigeuza namba hizo kuwa desimali ili hesabu iwe laini ni kujidanganya.

Ninapoipigia debe optimaizesheni ya konveksi (hesabu ya kusaka jibu bora ndani ya umbo lisilo na mbonyeo) ni kwenye mzunguko wenyewe, yaani jinsi chombo kilivyogeuka. Mizunguko yote halali imekaa kama ngozi ya mpira: vuta uzi ulionyooka kati ya nukta mbili za ngozi, uzi utapita ndani, mahali pasipo na mzunguko wowote. Ndiyo maana njia za kubahatisha pa kuanzia kisha kurekebisha hatua kwa hatua huweza kutumbukia shimo lisilo lenyewe (jibu lililo bora kwa jirani zake tu), na zikatangaza kwa furaha kwamba zimefika.

Konveksi huruhusu na tumbo la mpira. Hapo shimo ni moja, unaanza popote. Jibu likitua kwenye ngozi, basi ndilo bora kuliko yote kwa vipimo ulivyo navyo, na kuna uthibitisho wa kihisabati. Likibaki tumboni, huna uthibitisho huo. (Uthibitisho hautibu vipimo vibovu: mwangwi wa ishara kutoka ukutani bado utakupotosha.)

Wapo wanaolalamika kwamba ni nzito kwa kichakataji kidogo. Ni nzito kidogo, sawa, lakini masharti ya mzunguko mmoja yanatosha kwenye matriksi (jedwali la namba) ya 4 kwa 4. Jibu likigoma tumboni, mimi ningelitupa, niiache jairoskopu (kifaa kinachopima kugeuka kwa chombo) ishike usukani hadi kipimo kinachofuata.