Pikipiki Niliyoishusha Ikaniangusha

Urefu wangu ni sentimita 158 nikiwa nimevaa mabuti, na kazi yangu ya ubwana shamba hunipandisha milima ya Uluguru kila wiki, kutoka Mzumbe hadi vijiji vya Mgeta, kwa barabara ambayo mvua ikinyesha hubaki jina tu. Ndiyo maana nilipopata nafasi ya kununua Honda CRF250L kwa mtafiti mmoja aliyekuwa anarudi kwao, sikuuliza maswali mengi. Sikuuliza hata lile swali moja ambalo mke wangu aliliuliza mara tu nilipoingia nayo uani: “Sasa baba watoto, utashukaje?”

Kiti cha pikipiki ile kiko sentimita 87 na nusu kutoka ardhini, na mtafiti mwenyewe alikuwa mtu wa kuchuma maembe bila ngazi. Mimi nikikaa, ncha ya kiatu kimoja tu ndiyo iliyogusa chini, tena baada ya kujiinamisha upande mmoja kama mtu mwenye jipu. Kwa miezi mitatu nilikuwa nachagua mahali pa kusimama kama kuku anayetafuta pa kutagia: nikiona jiwe, gogo au ukingo wa mtaro, hapo hapo ndipo palipokuwa mwisho wa safari, hata kama wakulima walikuwa wananisubiri mita 50 mbele.

Fundi wangu, kijana mwenye kibanda chini ya mwembe pale Morogoro mjini, alianza na tiba za bei nafuu. Alinyoa sponji ya kiti mpaka nikawa nahesabu kokoto za barabarani kwa mfupa wa mkia. Akalegeza springi ya shokapu ili pikipiki izame zaidi nikikaa, nayo ikazama kweli, ila kwenye kila shimo ilifika mwisho wake kwa kishindo kilichonifanya niume ulimi. Ndipo aliponieleza habari za vyuma vya kushushia, ambavyo havitoki kwa kiwanda cha pikipiki bali kwa watengenezaji wengine wa vipuri: vipande viwili, kila kimoja kina tundu huku na huku, vinavyofungwa chini ya shokapu mahali pa vile vya asili. Nikaagiza vya kushusha sentimita 5, nikasubiri wiki 6.

Vilipofika nilivilinganisha na vya zamani, damu ikanichemka, kwa sababu vipya vilikuwa virefu zaidi. Mtu yeyote mwenye akili timamu anajua kwamba ukirefusha miguu ya meza, meza hupanda. Nilimweleza fundi, kwa ule upole wa mtu aliyesoma, kwamba nimetapeliwa na kwamba hivi ni vya kunyanyulia. Fundi hakubishana nami. Aliokota kijiti, akachora mchangani gurudumu, shokapu na kile chuma, akanionyesha kwamba chuma hicho hakibebi mzigo kama mguu wa meza bali kinavuta kama kamba. Kamba ikirefuka, gurudumu la nyuma hupata nafasi ya kusogea juu kuelekea kwenye kiti, na kiti hushuka. Kisha akasema, “Bwana shamba, mimi sijawahi kukufundisha kupanda kabichi.”

Kazi ilichukua saa mbili. Alipomaliza alinishauri mambo mawili zaidi, yaani kushusha na upande wa mbele kwa kuzisogeza foku, yale mabomba mawili yanayoshika gurudumu la mbele, juu ndani ya vishikio vyake, ili pikipiki isikae kama mbwa aliyechuchumaa, na kupunguza urefu wa stendi ya pembeni. Yote mawili yalikuwa na bei yake, nami nilikuwa nimeishiwa hela pamoja na subira. Nilikaa kitini, nyayo zote mbili zikalala chini bapa, nikamwambia imetosha. Kati ya kibanda chake na nyumbani kwangu nilisimama mara nne bila sababu yoyote, ili tu nikanyage.

Usiku ule ule nikagundua kwamba taa ya mbele, kwa kuwa nyuma imeshuka na mbele imebaki palepale, haimuliki tena barabara bali inamulika matawi ya miembe, ambako niliwaona popo kwa ukaribu ambao sikuwa nimeuomba. Bodaboda niliyepishana naye alijikinga macho kwa mkono na kuniuliza kama nimepoteza kitu mbinguni. Kwenye kona nako usukani ulikuwa mzito, na pikipiki ilitaka kwenda moja kwa moja kama ng’ombe aliyekwisha kuliona zizi. Nikajiambia kwamba nitazoea.

Kesho yake ilikuwa siku ya gulio pale Nyandira, na nilikuwa nimepangiwa kuzungumza na wakulima kuhusu namna ya kupunguza upotevu wa mazao baada ya mavuno. Naomba msomaji alikumbuke somo hilo. Niliingia gulioni taratibu, nikapita mawe yangu yote ya zamani bila kuyatazama, nikasimama katikati ya watu, karibu na mama mmoja aliyepanga matenga yake ya nyanya kando ya njia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Leo umefika chini!”

Nikateremka kwa madaha, nikaweka stendi, nikatundika mkoba wa vipeperushi kwenye usukani upande wa kulia. Pikipiki ikasimama wima kama askari wa gwaride. Jambo hilo lilipaswa kunishtua, kwani pikipiki iliyo juu ya stendi ya pembeni huegemea kushoto, na uzito huo wa kuegemea ndio unaoishikilia. Yangu ilikuwa imeshuka na stendi imebaki ndefu vilevile, kwa hiyo haikuwa imeegemea chochote. Ilikuwa inafikiri tu. Nilipiga hatua mbili, nikafungua mdomo kuwasalimu wakulima, nikaona macho yao yote yakihama kutoka kwangu na kwenda nyuma ya bega langu, taratibu, kutoka juu kwenda chini.

Ilianguka kulia, bila haraka, ikalala ndani ya tenga kama mgonjwa anayelazwa kitandani. Nyanya zilizokuwa chini zilitoa sauti ndogo ya mnyweo, na zile za juu zikabingirika kuteremka mlima, watoto wakizifukuza. Petroli nayo ikaanza kuchuruzika kutoka kwenye kifuniko cha tangi, kwa hiyo hata zilizosalimika zikawa zangu. Mama yule alinitazama, akavitazama vipeperushi vilivyolowa rojo nyekundu, akasema kwa sauti ya upole kabisa, “Upotevu tumeuona, mwanangu. Sasa tufundishe kuupunguza.”

Nililipa tenga zima. Sikuthubutu kurudi kwa fundi aliyenionya, hivyo nikaenda kwa mchomeleaji mwingine na kumwamuru akate stendi sentimita 5, kwa hesabu kwamba pikipiki imeshuka sentimita 5. Hesabu hiyo ni ya mtu wa kabichi. Sentimita 5 zilishuka kwenye kiti, lakini stendi imefungwa mbele zaidi, ambako fremu ilishuka kidogo kuliko hapo, kwa hiyo jioni ile pikipiki iliinama kushoto kama mlevi anayesikiliza siri, na usiku wa manane ikalala juu ya sufuria za mke wangu.

Mwezi haukuisha kabla sijairudisha katika kimo chake cha zamani, kwa sababu tumbo la pikipiki lilikuwa sasa linagonga kila jiwe la njia ya Mgeta, na kila nikipakia mbegu tairi lilikwaruza madigadi na kunuka mpira ulioungua. Sasa nina pikipiki ndefu yenye stendi fupi. Natembea na kibao cha mninga chenye unene wa sentimita 6, nimekifunga kwa kamba kwenye usukani, na kila nikisimama (kwenye jiwe, bila shaka) nakidondosha chini na kukisogeza kwa ncha ya kiatu mpaka kikae chini ya stendi.

Juzi nilipanda tena Nyandira. Yule mama aliniona kwa mbali nikihangaika na kibao changu. Hakusema neno. Aliamka, akamwita kijana wake, wakabeba matenga yote matatu na kuyavusha upande wa pili wa barabara.