Emuleta Nayo Huzeeka

Kuna kosa ninaloliona mara kwa mara katika ofisi zinazohamisha mifumo ya zamani. Mashine ya chuma ikishatolewa mlangoni na programu zake zikaanza kufanya kazi ndani ya emuleta, juu ya seva mpya, kila mtu anahesabu kazi imekwisha. Jalada la mradi linafungwa, fundi aliyeifanya anakwenda zake, na emuleta inabaki na toleo lile lile la siku ya kwanza mpaka seva iliyoibeba nayo ichakae. Msimamo wangu ni kwamba emuleta ni mashine kama ile iliyotolewa nje. Inataka kuhudumiwa kwa ratiba, na huduma yake kubwa ni kusasishwa. Asiyeisasisha amerudi palepale alipokimbia: anategemea kitu ambacho hakuna anayethubutu kukigusa.

Kwa ambaye hajawahi kuishika, emuleta ni programu inayoigiza kompyuta nzima: kichakataji, diski, saa, kadi ya mtandao, hata kiweko cha fundi. Mfumo wa zamani ukiwashwa ndani yake haujui kwamba chuma hakipo. Kompyuta ya VAX-11/780 ya kampuni ya Digital ilitoka mwaka 1977. Digital ilinunuliwa na Compaq mwaka 1998, Compaq ikamezwa na HP mwaka 2002, lakini kuna programu zilizoandikwa kwa ajili ya mashine hizo ambazo bado zinategemewa. PDP-11, nayo ya Digital, ni kongwe zaidi, ya mwaka 1970, na mwaka 2013 General Electric ya Kanada ilikuwa inatafuta waandishi wa programu wa mashine hiyo kwa ajili ya vinu vya nyuklia, kwa mpango wa kuendelea nayo hadi 2050. Mifumo ya namna hii haiwezi kusubiri vipuri vya mitumba milele. Ndiyo maana kazi ya watu kama Bob Supnik, aliyekuwa mhandisi wa Digital na aliyeanzisha emuleta ya SIMH mwaka 1993, ina thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani. SIMH inaigiza PDP-11, VAX na mashine nyingine nyingi, na mtu yeyote anaweza kusoma msimbo wake.

Ninaposema lazima isasishwe, ushahidi wangu wa kwanza ni VENOM. Mei 2015, mtafiti Jason Geffner wa CrowdStrike alitangaza tundu la usalama katika QEMU, emuleta iliyoanzishwa na Fabrice Bellard na ambayo sehemu zake zilikuwa zikitumika ndani ya Xen, KVM na VirtualBox, programu zinazoendesha mashine pepe (kompyuta za kuigizwa zinazoishi ndani ya seva moja), yaani chini ya seva nyingi za wingu. Tundu lenyewe lilikuwa katika msimbo unaoigiza kidhibiti cha flopi, kifaa ambacho vijana wengi wa leo hawajakiona kwa macho. Kidhibiti hicho hupokea amri baiti kwa baiti na kuziweka kwenye bafa (eneo la muda la kumbukumbu) ya baiti 512, na amri ikimalizika hesabu inarudi sifuri. Kulikuwa na amri mbili ambazo hazikuirudisha hesabu ipasavyo. Mtu aliyekuwa ndani ya mashine pepe akaweza kuendelea kumimina data mpaka ikapita mwisho wa bafa, ikaingia kwenye kumbukumbu ya emuleta yenyewe, na kutoka hapo angeweza kuifikia seva mama pamoja na mashine za wengine wote waliokuwa juu yake. Katika Xen na QEMU, hata msimamizi aliyekuwa ameiondoa flopi kwenye mipangilio hakuwa salama, kwa sababu hitilafu nyingine iliuacha msimbo ule ukiwa hai. Na msimbo huo ulikuwa umekaa humo tangu mwaka 2004. Dawa ilikuwa moja tu, toleo jipya. Aliyeshikilia kwamba hagusi kinachofanya kazi alibaki na mlango wazi.

Kisha kuna kile kinachoibeba emuleta. CentOS 7, mfumo endeshi wa seva wa familia ya Linux, iliacha kupata marekebisho tarehe 30 Juni 2024, na CentOS 6 iliacha tangu Novemba 2020. Nimezikuta emuleta zinazokwenda vizuri kabisa juu ya mifumo hiyo, na hakuna mwenye ujasiri wa kuzihamisha kwa kuwa faili la programu lilijengwa kwa biti 32 na msimbo wake haujulikani uliko. Debian, Linux nyingine, kuanzia toleo la 13 la mwaka 2025, haitoi tena usakinishaji kamili kwa kompyuta za x86 za biti 32. Ukikaa kimya miaka kumi, siku ya kuhama unalazimika kuruka kila kitu kwa pamoja: seva, mfumo endeshi, kompaila (chombo kinachogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa), emuleta na leseni. Kitu kikiharibika hutajua kimeharibiwa na kipi kati ya hivyo. Anayesasisha kidogo kidogo anabadilisha kitu kimoja kwa wakati na anajua alichokigusa.

Hata hivyo, wanaoogopa kusasisha si wajinga, na sipendi wanavyodharauliwa na vijana waliozoea kusasisha programu za simu. Woga wao una sababu za kiufundi. Chukua hesabu za desimali. VAX ilibuniwa kabla ya IEEE 754, kiwango cha mwaka 1985 cha kuhifadhi namba za desimali kwenye kompyuta, na ina namna zake za kuhifadhi namba. Ile inayoitwa D_floating ina biti 64 kwa jumla, na 56 kati ya hizo, ukihesabu na ile iliyofichwa, ni za usahihi wa tarakimu. Namba ya IEEE ya biti 64 ina 53. Mwandishi wa emuleta akitamani kasi na kuiachia kompyuta ya kisasa ipige hesabu hizo moja kwa moja, biti 3 zinapotea. Hakuna ujumbe wa kosa utakaojitokeza. Majibu yatatofautiana kwenye tarakimu za mwisho, na katika hesabu inayorudiwa mara milioni tofauti hiyo inakua.

Kompaila nayo ina mitego. Katika lugha ya C, kujumlisha namba kamili zenye alama hadi zipite kikomo ni jambo ambalo kanuni ya lugha haiahidi matokeo yake. Kompaila za zamani kwa kawaida zilizungusha namba kama kichakataji kinavyofanya, na emuleta nyingi ziliandikwa kwa kutegemea hivyo. Kompaila mpya zina ruhusa ya kudhani kwamba hali hiyo haitokei, zikaufuta hata ukaguzi ambao mwandishi aliuweka. Msimbo ni ule ule, lakini programu iliyojengwa upya inaweza kutenda tofauti.

Kuhusu mtandao, nitaeleza jambo ambalo limewasumbua watu wengi niliowasaidia. DECnet, mfumo wa mtandao wa Digital, katika awamu yake ya nne ikianza kazi, inaibadilisha anwani ya kadi ya mtandao. Haitumii ile ya kiwandani, inaitengeneza kutokana na namba ya nodi, yaani namba ya mashine kwenye mtandao huo: nodi 1.1 inapata AA-00-04-00-01-04. Kwenye chuma halisi hilo halikuwa tatizo. Kwenye seva ya leo, swichi pepe inaona mashine iliyosajiliwa kwa anwani moja inatuma pakiti kwa anwani nyingine, inaihesabu kuwa ni udanganyifu na kuzitupa pakiti zote. Ukisasisha mfumo unaobeba mashine pepe na mipangilio ya usalama wa swichi ikarudi kuwa mikali, VMS, mfumo endeshi wa VAX, itawaka kama kawaida, kiweko kitaitika, TCP/IP itafanya kazi kama haipiti kwenye kadi hiyo, lakini DECnet itakuwa bubu. Fundi asiyejua historia hii atailaumu emuleta wiki nzima.

Kwa hiyo kusasisha ni lazima, ila kuna kanuni moja ambayo kwangu haina mjadala: toleo jipya lisiandike chochote kwenye faili la diski bila mwenye diski kusema liandike. Mwaka 2022 jambo hili liliigawa jamii ya SIMH. Toleo la 4 lilikuwa limeongezewa tabia mpya. Ukiambatisha faili la diski, emuleta ilikuwa inaandika mwishoni mwa faili hilo maelezo yake yenyewe kuhusu aina na ukubwa wa diski, ili mara nyingine ilitambue bila kuambiwa. Nia ilikuwa njema, maana watu husahau kweli kwamba faili fulani lilitoka kwenye diski ya aina gani. Lakini watumiaji, wengi wao watunzaji wa kumbukumbu za kale, walikasirika, na nawaunga mkono. Faili hilo ni nakala ya diski asilia baiti kwa baiti, na pengine diski yenyewe ilishaoza. Mabishano yakawa makali hadi leseni ya toleo hilo la 4 ikaongezewa sharti la kumnyima matumizi ya kazi za baadaye yeyote atakayeiondoa tabia ile. Juni mwaka huo kikazaliwa Open SIMH, chini ya leseni huru ya mtindo wa MIT, na Supnik akiwemo kwenye kamati inayouongoza mradi. Nadhani huo ulikuwa uamuzi sahihi. Mtu anayekukabidhi diski yake hajakupa ruhusa ya kuifanyia marekebisho.

Mimi kazi hii naifanya hivi. Naizima VMS kwa utaratibu, nanakili faili la diski, napiga sha256sum, amri inayotoa alama ya herufi na tarakimu inayobadilika faili likibadilika hata kidogo, kwa nakala na kuandika matokeo yake. Toleo jipya naliweka kwenye saraka yake bila kulifuta la zamani. Mara ya kwanza naambatisha nakala kwa kusoma tu, `attach -r`, kisha natoka na kupiga sha256sum tena. Herufi moja ikitofautiana, toleo hilo haliingii kazini mpaka nijue sababu. Baada ya hapo ndipo naiwasha mashine kwenye nakala na kuzipitisha kazi za mwezi uliopita, ambazo majibu yake ninayo tayari, nikilinganisha mpaka tarakimu ya mwisho. Saa naiangalia kwa makini ya pekee. Kaunta ya tarehe ya VAX ina biti 32 na inahesabu kila milisekunde 10, kwa hiyo inajaa baada ya siku 497 na haibebi mwaka. Mwaka VMS inaupata kutoka kwenye diski. Emuleta mpya ikiiwasha kaunta hiyo tofauti na ya zamani, ripoti zitatoka na tarehe isiyo sahihi.

Yote haya yanataka muda wa mtu, na muda huo lazima uandikwe kwenye bajeti. Inaniuma kuona taasisi ikitoa fedha nyingi kununua leseni ya emuleta na huduma ya kuhamia, halafu haina hata siku mbili kwa mwaka za fundi kufanya majaribio ya toleo jipya. Wenye VMS sasa wana njia nyingine pia: tangu mwaka 2022 kampuni ya VSI imetoa OpenVMS 9.2 iliyojengwa kwa ajili ya vichakataji vya kawaida vya leo, x86-64, na kama msimbo wa programu zako unao, ni njia ya kuitazama. Kama msimbo ulipotea, emuleta ndiyo kimbilio lako, na itunzwe ipasavyo.

Wenye haraka kuliko wote ni wale wa HP 3000, kompyuta za zamani za HP, wanaoendesha MPE, mfumo endeshi wake, ndani ya emuleta. Kalenda ya MPE huhifadhi mwaka kwa biti 7 kuanzia 1900, kwa hiyo inafika kikomo tarehe 31 Desemba 2027. Kusasisha emuleta peke yake hakutauondoa ukuta huo, maana umo ndani ya MPE na ndani ya programu zinazoitegemea kalenda hiyo. Lakini emuleta inakupa nafasi ambayo chumba chenye mashine moja ya chuma hakikuwa nayo: unaweza kuiwasha nakala pembeni, ukaisogeza saa hadi Januari 2028, na kuona leo ni programu zipi zinaanguka.