Hajakomaa, Njoo Baada ya Miezi Sita

Jumanne shangazi yangu ameambiwa tena kwamba mtoto wa jicho lake hajakomaa. Hii ni mara ya tatu. Angekuwa mtoto wa kuzaa, sasa hivi tungekuwa tunamtafutia sare za chekechea.

Shangazi anakaa Tongoni na kazi yake ni mikeka. Siku ya kliniki huamka kabla ya adhana ya alfajiri, hupanda gari la kwanza linaloingia mjini, hupita kwangu Makorora kunywa chai kwa mihogo, kisha tunachukua bajaji. Kliniki yenyewe sitaitaja, Tanga ni ndogo na mimi bado nahitaji kutibiwa. Tunakaa kwenye benchi mpaka saa sita, anatiwa matone ya kupanua mboni, anaweka kidevu kwenye ile mashine, daktari anachungulia dakika mbili, anaandika. Hajakomaa. Nauli imekwenda, siku imekwenda, na shangazi anarudi Tongoni na mboni zilizopanuka, jua la saa nane likimwingia machoni kama pilipili.

Kurudishwa tumeshazoea. Kilichonikera safari hii ni daftari. Mwezi wa nane mwaka jana jicho la kulia limeandikwa daraja la 3. Jumanne hii, daktari mwingine, jicho lile lile, daraja la 2. Jamani, mtoto wa jicho harudi nyuma! Hayeyuki kwa kusubiri, wala kwa yale matone anayouza kijana mwenye kipaza sauti pale sokoni. Basi ama daktari wa kwanza alizidisha, ama wa pili kapunja, na hakuna wa kuamua, kwa sababu jicho la Agosti halikupigwa picha. Lilibaki kichwani mwa daktari ambaye tumeambiwa kahamishwa.

Sisemi madaktari wetu hawajui kazi. Mtu anayemaliza foleni nzima peke yake, macho yake nayo huchoka, akaanza kumpima huyu kwa kumlinganisha na yule aliyetoka sasa hivi. Ukitanguliwa na mzee ambaye mboni yake imekuwa nyeupe kama tui, wako ataonekana si kitu. Wataalamu walishaliona hilo zamani. Mizani ya kupimia mtoto wa jicho, iitwayo LOCS III, ilitolewa mwaka 1993, na siri yake yote ni picha: daktari anaangalia lenzi ya mgonjwa, yaani kile kioo cha ndani ya jicho kinachoingia ukungu, huku pembeni ana picha za mfano, 6 za kiini cha lenzi, 5 za ukungu wa pembezoni, 5 za ule unaokaa nyuma ya lenzi. Kiini hupewa alama kwa desimali, 0.1 hadi 6.9, ili hata badiliko dogo lionekane. Sisi tunaandika 2, au 3, au "+" na mkono unatetemeka.

Halafu kuna kamera zenyewe, zinazoitwa za Scheimpflug. Huyu Theodor Scheimpflug alikuwa afisa wa jeshi la Austria, na mwaka 1904 alikuwa akihangaika na picha za ardhi zinazopigwa kutoka angani zisipinde, zifae kuchorea ramani. Leo hesabu yake ya kulaza lenzi ya kamera ndiyo inayowezesha jicho kupigwa likaonekana safi kuanzia mbele mpaka nyuma ya lenzi, na mashine ikatoa uzito wa ukungu kwa namba, 0 hadi 100. Hakuna cha "naona kama". Najua bei yake, msinicheke. Sidai kila zahanati iwekewe moja.

Ninachodai ni simu. Ile mashine ya kidevu ina kitundu cha kuchungulia, na kamera ya simu nayo inachungulia. Unaiegesha pale, kwa kishikio cha bei rahisi au kwa mkono uliotulia, unapiga, unaandika tarehe. Mwanga uwe uleule, pembe iwe ileile, na tafadhali simu isiachwe ijipangie yenyewe, maana simu zetu hizi zina kiherehere cha kumremba kila mtu, zitatutakatisha na ukungu. Mgonjwa akirudi, unaweka picha mbili pamoja. Hata mimi niliyeishia kidato cha nne nitaona.

Kuna jambo linaniuma ndani ya hili. Mwaka juzi shangazi alivua miwani yake ya kusomea, akaanza kutunga uzi kwenye sindano kwa macho makavu. Tulishangilia. Mama akasema ni majani ya mlonge, dada yangu akasema ni dua. Wote tukaanza kunywa mlonge. Kumbe kiini cha lenzi kilikuwa kinakuwa kigumu na kuongeza nguvu ya kupinda mwanga, ndiyo maana vya karibu vikamrudia huku vya mbali vikififia. Ilikuwa dalili ya ugonjwa nasi tukaifanyia sherehe. Baadaye ukaja mkeka wa bibi harusi mmoja wa Chumbageni, ulioagizwa kwa ukili wa zambarau na kijani. Shangazi alisuka nusu ya mistari kwa ukili mweusi. Mteja aliurudisha. Lenzi ikishakuwa na rangi ya kahawia hula buluu na zambarau kwanza, zote humfikia mtu zikiwa giza tu. Shangazi hakujua. Alilia kwa aibu, akasema labda anazeeka akili.

Sasa mtu kama huyu unamwambia asubiri akomae? Kukomaa ni habari ya zama za upasuaji wa kale, lenzi ilipokuwa rahisi kutoa ikiiva yote. Harold Ridley aliweka lenzi ya bandia ndani ya jicho la mtu kule London mwaka 1949. Tangu hapo mambo yamekwenda mbio, na leo mgonjwa hufanyiwa pale maisha yake yanapoanza kukwama. Kusubiri kunaligeuza kiini kuwa jiwe, upasuaji unakuwa mgumu zaidi, na mtoto aliyepitiliza anaweza kuvimba au kuvuja akaleta presha ya jicho. Halafu ukungu ukishafunga kabisa, daktari haoni tena nyuma ya jicho kukoje, inabidi atafute kipimo cha mawimbi ya sauti.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba picha nayo haisemi yote. Jirani yangu wa bajaji alikuwa na kidoa kidogo tu, nyuma ya lenzi, katikati kabisa. Chumbani kwa daktari alisoma chati vizuri. Akitoka kwenye jua la saa saba, mboni ikijibana, kile kidoa kinaziba njia yote, na mtu anaendesha abiria kwa kukisia. Kwa picha peke yake angeambiwa nenda nyumbani. Kwa hiyo waulizeni watu wanashindwa kufanya nini. Lakini waulizeni pamoja na kupiga picha. Kuuliza kusiwe kisingizio cha kuendelea kukisia.

Jumanne hiyo, daktari mkubwa alipogeukia faili lingine, kijana aliyekuwa akimsaidia alininong'oneza, "Leta simu." Akaiegesha kwenye kitundu, akapiga mara tatu, mbili zikawa na ukungu wa mkono wake mwenyewe. Ya tatu ilitoka. Mstari mwembamba wa mwanga, na ndani yake, pale kwenye kiini, rangi ya chai ya rangi iliyolala usiku kucha.

Shangazi akaichukua simu, akaisogeza mpaka karibu na pua.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, bibi."

"Mbona mkubwa hivi, na mnasema hajakomaa?"

Kijana akamtazama mkubwa wake. Mkubwa wake alikuwa ameshamwita mgonjwa anayefuata. Tarehe ya kurudi imeandikwa mwezi wa nane, na picha ninayo.