Hata ya plastiki hayanyauki

Mwezi uliopita mama mmoja alinipigia simu akitaka shada la maua ya kufuma kwa kroshia, ile sindano yenye ndoano, kwa ajili ya mahafali ya binti yake. Mawaridi matano ya rangi ya maziwa, asumini za kujazia, majani, karatasi na utepe. Nikamtajia bei: elfu sitini. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka kile kicheko cha kuomba punguzo.

"Dada, elfu sitini kwa nyuzi? Uzi mmoja pale Kariakoo si elfu mbili na mia tano?"

Nikajitetea kwa maneno ambayo kila mfumaji anayeuza mtandaoni ameyakariri. "Ni kweli mama, lakini haya hayanyauki. Atakaa nayo miaka."

"Hata ya plastiki hayanyauki," akanijibu papo hapo, "na nayapata kwa elfu ishirini."

Nilikasirika siku mbili. Ya tatu nikakubali kwamba yule mama ana akili kunizidi. Ukishasema sifa ya shada lako ni kutonyauka, umelipanga mwenyewe rafu moja na ua la plastiki, na hapo huna pa kutokea. Plastiki hainyauki, inafutwa vumbi kwa kitambaa chenye maji, na inashushwa bandarini kwa makontena. Kwa nini alipe mara tatu? Tumejichongea wenyewe, halafu tunarudi kwenye magrupu yetu ya WhatsApp kulalamika kwamba Watanzania hawathamini kazi ya mkono.

Na hiyo sifa yenyewe ina uongo ndani yake. Shada langu la kwanza nililifunga kwa ule waya wa mafundi wa kufungia nondo, kwa sababu ni wa bei ya chee na unapinda vizuri. Nikalizungushia uzi wa kijani, likapendeza. Dar es Salaam na unyevu wake, kabla mwaka haujaisha kutu ilikuwa imepenya kwenye uzi, mashina yakawa na madoa ya kahawia kama ndizi iliyosahauliwa. Siku hizi natumia vijiti vya mishikaki kwa maua yaliyosimama, na waya uliopakwa plastiki kwa yanayoinama. Mekundu ukiyaweka karibu na dirisha yanapauka. Uzi wa akriliki unaota vinundu. Na ukiyatia ugumu kwa maji ya sukari, kama walivyokuwa wakifanya baadhi ya mama zetu kwenye vitambaa vya makochi, utaamka ukute msafara wa sisimizi umepanda hadi kwenye waridi. Wanga wa muhogo uliopikwa mwepesi ndio wa kuaminika, lakini nao ukiwa mzito unaacha ukungu mweupe kwenye rangi nzito. Hayanyauki, sawa. Yanachakaa.

Isitoshe, sisi watu wa pwani tulianza lini kuona kunyauka ni kasoro ya ua? Kikuba kinatungwa jioni, asumini na waridi na rehani na mkadi, kinabandikwa kwenye nguo au nywele, na asubuhi kimeshakwisha. Nimekulia Tanga, sijawahi kusikia mwanamke akidai kikuba cha kudumu. Harufu ndiyo iliyokuwa bei yake, na harufu ndicho kitu kimoja ambacho mimi na sindano yangu hatutakiweza kamwe.

Sasa tunauza nini?

Shada lile nililifuma hivyo hivyo, mteja akiwa ameshaondoka, na safari hii niliweka daftari pembeni nikawa naandika dakika. Waridi moja, dakika 50. Asumini moja dakika 8, na nilitaka 24. Jani dakika 10, majani 12. Kuzungushia mashina uzi, kupanga, kupangua, kupanga tena na kufunga, saa mbili. Jumla saa 11 na dakika 22, bila kuhesabu asumini tatu nilizozifumua kwa sababu sikuzipenda. Nyuzi, vijiti, gundi, karatasi na utepe vilinigharimu shilingi 14,000. Kwa ile bei ya plastiki ya 20,000 ningebaki na 6,000, yaani mia tano na kitu kwa saa. Chapati moja, bila chai.

Asumini ndiyo kipimo changu cha mkono, kwa hiyo niielezee kidogo. Naifuma kwa uzi wa pamba namba 20 na sindano ya milimita 1. Namba ya uzi ikipanda uzi unazidi kuwa mwembamba. Wengi hudanganyika hapo wakanunua namba 5 wakidhani ndio laini. Unaanza na kitanzi kinachokazika. Ndani yake unapandisha petali sita, kila moja ni cheni nne za kupanda, yaani vitanzi vinavyofuatana, trebo moja, ule mshono mrefu, na cheni nne za kushuka. Ukimaliza unavuta mkia wa uzi, na katikati panafumba kama jicho la paka. Ukivuta kwa nguvu uzi unakatika na dakika nane zimekwenda. Ukivuta kwa woga linabaki tundu, na mtu yeyote atakayelishika ua ataliona tundu kabla hajaziona petali. Hakuna video inayoweza kukufundisha uvute kiasi gani, vidole vinajua vyenyewe baada ya maua mia hivi.

Video zina mambo yake pia. Mama yangu alijifunza kufuma kwa masista, na kwake singo, dabo na trebo, yaani mishono kuanzia mfupi hadi mrefu, ni zile za Waingereza. Wamarekani wana majina hayo hayo ila wameyashusha ngazi: wanachokiita singo ndicho Waingereza wanachokiita dabo, na dabo yao ndiyo trebo ya Mama. Mimi nikalifuata waridi la video ya Kimarekani kwa dabo ya nyumbani. Petali zikatoka fupi, nene, zimejikunja. Ua likawa kama kizibo cha chupa ya soda. Mama akaligeuza mkononi, akaniuliza, "Umefuata dabo ya nani?"

Waridi lenyewe si geni kwetu. Lile la matabaka, ambalo petali za nyuma zinafumwa mgongoni mwa petali za mbele, lilikuwa katikati ya vitambaa vya makochi vya nusu ya nyumba nilizokulia, na wafumaji wa dunia nzima wanaliita waridi la Ireland. Huko viazi vilipooza mwaka 1845 na njaa ikaua watu kwa miaka, masista na wake za wachungaji wa kanisa walifundisha wanawake maskini kufuma lesi kwa kroshia. Mji wa Clones, kaunti ya Monaghan, ukapata jina kwa kazi hiyo. Walikuwa wanafuma ua moja moja kwa uzi mwembamba, kisha wanayaunganisha kwa wavu, na familia ilikuwa na ua lake ambalo haikupenda jirani alijue. Wafumaji hawakutajirika, sitajidanganya. Ila kazi iliingia sokoni kwa jina la lesi, na lesi ilikuwa kitu ambacho watu wenye fedha walishazoea kukilipia.

Sisi kufuma kwetu hakukuingia sokoni kwa jina lolote. Mama alifuma akisikiliza taarifa ya habari, akifuma kwenye foleni ya kliniki, akampa wifi kitambaa cha meza siku ya harusi na kingine akamtumia shangazi. Ukimuuliza alitumia saa ngapi atakushangaa, kwani saa hizo hakuna aliyemlipa akazihesabu. Ilikuwa "kazi ya kupitisha muda". Binti wa mama huyo akija kusema elfu sitini, anaonekana mwizi.

Lakini tazama kofia. Mwanamume wa Zanzibar au Lamu akinunua kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono haulizi bei ya uzi. Anaigeuza, anatazama ndani, anapitisha kidole kwenye vile vitundu kuona kama vimelingana, na anajua kuna mtu alikaa nayo wiki nyingi. Uzi na kitambaa chake ni vya bei ndogo kama vyangu. Tofauti ni kwamba mnunuzi wa kofia amefundishwa kutazama, tangu utotoni, na wanaume wengine wenye kofia. Mnunuzi wangu hajafundishwa na mtu, na mimi badala ya kumwonyesha nimekaa kumwimbia "hayanyauki, hayanyauki". Wanasema chema chajiuza. Hakijiuzi. Shada langu la saa 11 limekaa juu ya friji wiki tatu.

Kuna jambo jingine linalonisumbua, nalo silisemi kwa wateja. Viwandani hakuna mashine inayofuma kroshia hasa; zile zinazoitwa mashine za kroshia hutoa kitambaa kinachofanana nayo tu. Kwa hiyo yale maua ya kufuma yanayoletwa kutoka nje kwa bei ya kutupa, yaliyofungwa kwenye vimfuko vya nailoni, kuna mtu mahali fulani aliyafuma kwa vidole vyake. Alilipwa nini, sipendi kupiga hesabu.

Nimebadilisha mambo mawili. La kwanza, kwenye picha ninazoweka mtandaoni nimefuta "hayanyauki" zote. Mteja akiuliza bei namtumia video fupi ya mkono wangu ukifunga asumini moja, mwanzo hadi mwisho, bila kuharakishwa. Ni dakika nane. Wengi hawamalizi kuitazama. Wawili walioimaliza hawakuomba punguzo, na mmoja aliomba radhi, jambo lililonipa aibu zaidi ya kuombwa punguzo.

La pili, nimeacha tulipu. Ni rahisi, inafumwa kama kikombe kilichopinduliwa, na kila mtu anaifuma. Mimi tulipu iliyoota ardhini sijawahi kuiona. Nilikuwa nanakili kivuli cha kitu kutoka kwenye video ya mtu ambaye pengine naye alinakili, na ndiyo maana zilifanana na zile za mifuko ya nailoni. Ua ulilolishika unajua linapokunjamana.

Basi nimerudi Tanga kichwani. Kwenye milima ya Usambara kuna ua dogo la zambarau ambalo mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa huko, alilipeleka kwao. Mwaka uliofuata likapewa jina la ukoo wake, Saintpaulia, na leo liko kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani. Wajerumani wanaliita urujuani wa Usambara. Mimi nimelala Amani, huko huko Usambara, siku nne nikilichora kwenye daftari, likiwa limejibana kwenye mwamba wenye majimaji. Petali mbili za juu ni ndogo, tatu za chini ni pana, na katikati kuna vipunje viwili vya njano. Jani lina manyoya, kwa hiyo nalifuma kwa uzi wa sufu kisha nalichana kwa mswaki wa zamani. Shina ni fupi mno kwa shada, nafikiri nitalifunga fungu dogo la mkononi, kama kikuba.

Shida ni zile petali mbili za juu. Nikizifuma kwa singo zinasimama kama masikio ya sungura, nikizifuma kwa dabo zinalingana na za chini na ua linakuwa la mviringo, linakuwa ua lolote. Jaribio la nne liko mezani sasa hivi. Mama amelitazama kwa muda, akalileta karibu na miwani, akauliza kama ni ua la maharage.