Kabla ya talaka, baraza: je, aliyepigwa naye akae mezani?

Anayetaka talaka Tanzania Bara haanzii mahakamani. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamtaka apeleke kwanza mgogoro kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati ya kuthibitisha hivyo, na hati hiyo isiwe imezidi miezi sita siku anapofungua shauri. Si jambo la kupuuza. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba shauri la talaka lisilo na hati halali halina miguu ya kusimamia, hata kama mahakama za chini zilikwisha kuvunja ndoa. Kwa mama aliyehangaika ngazi tatu za mahakama, hiyo maana yake ni kurudi mwanzo.

Sheria yenyewe imeweka milango sita ya kutokea. Hulazimiki kupita barazani ikiwa mwenzi wako alikutelekeza na hujui aliko, au anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita, au aliitwa barazani akakaidi kwa makusudi, au amefungwa maisha au si chini ya miaka mitano, au ana ugonjwa wa akili usiotibika. Mlango wa sita ni wa jumla: mahakama ikiridhika kwamba kuna mazingira yasiyo ya kawaida yanayofanya baraza lisiwezekane. Soma orodha hiyo mara mbili na utaona kilichokosekana. Kipigo hakimo.

Na si kwamba waliotunga sheria hawakujua kwamba watu hupigwa ndani ya ndoa. Kifungu cha 66 kinasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Kifungu cha 107 kinautaja ukatili, wa mwili au wa akili, dhidi ya mlalamikaji au dhidi ya watoto, kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kwa hiyo sheria ileile inayokubali kuwa kipigo kinaua ndoa inamtaka aliyepigwa akakae benchi moja na aliyempiga, waulizwe kama hawawezi kurudiana. Mgongano huo una zaidi ya nusu karne.

Hata hivyo siko upande wa wanaosema mabaraza yafutwe, na sababu zao wanaoyatetea nazichukua kwa uzito. Baraza hilo la kata liko karibu. Linaongea Kiswahili cha watu, halihitaji nauli ya kwenda mjini wala mtu wa kukuandikia hati ya madai. Wanawake wengi wanaofika pale hawajaja kutafuta talaka. Wanataka mume aache pombe, alete matumizi, aache kupiga. Wengi hawataki afungwe, kwa sababu akifungwa karo ya watoto inafungwa naye. Mwanamke wa namna hiyo ukimwambia njia pekee ni polisi, atarudi nyumbani kimya, na kipigo kitaendelea bila shahidi hata mmoja.

Tena tunapolilaumu baraza, tulilinganishe na nini? Mahakama si chumba salama. Katika mahakama ya mwanzo, ambako kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa, wadaawa huulizana maswali wenyewe. Mume anasimama hatua chache kutoka kwa mkewe na kumhoji mbele ya watu wote: ulipigwa lini, nani alikuona, mbona ulibaki? Anayedhani kulifuta baraza kunamwokoa mwanamke na uso wa aliyempiga hajawahi kukaa kwenye benchi la nyuma la mahakama hizo akasikiliza.

Upande wa pili wa hoja unaanzia kwenye maana ya mazungumzo. Usuluhishi unafanya kazi pale ambapo pande mbili zinaweza kusema zinachotaka. Mtu aliyeishi miaka kumi akipima kila neno lisije likamletea kofi hana uwezo huo, na haupati kwa sababu tu mwenyekiti wa baraza amemwambia "haya mama, sema usiogope". Anajua kikao kitaisha saa nane, na saa tisa watakuwa wawili nyumbani. Kwa hiyo anasema yaliyo salama kusemwa. Baraza linasikia mke mwenye kigugumizi na mume mwenye maelezo yaliyonyooka, na linaandika kile lilichosikia.

Wajumbe nao wametoka katika jamii yetu hii. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15. Utafiti huohuo ulikuta asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume wanaona mume ana haki ya kumpiga mke kwa angalau sababu moja, kama kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Naomba msomaji asizipite haraka tarakimu hizi mbili za mwisho. Wanawake waliokubali ni wengi kuliko wanaume. Kuongeza wajumbe wanawake barazani ni jambo jema, lakini peke yake halitoshi, maana bibi aliyevumilia miaka arobaini anaweza kuwa wa kwanza kusema "hata sisi tulipita humo".

Utafiti wa kimataifa nao unatwambia nini? Upo wa Marekani unaonigusa, kwa sababu uliwaudhi kidogo wa pande zote mbili. Amy Holtzworth-Munroe na wenzake walifanya jaribio katika mahakama ya Washington, D.C., kwa wazazi waliokuwa wakigombea watoto na ambao walieleza kuwa na viwango vya kutisha vya ukatili katika mwaka uliotangulia. Kwa kura ya bahati, baadhi walirudishwa kwa hakimu, wengine wakasuluhishwa kila mmoja katika chumba chake huku msuluhishi akienda na kurudi, na wengine wakasuluhishwa kwa video. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Waliosuluhishwa walijiona salama zaidi na waliridhika zaidi na utaratibu kuliko waliokwenda kwa hakimu, na mashauri yao yaliisha mapema zaidi. Baada ya mwaka mmoja watafiti hawakuona tofauti kubwa kati ya makundi hayo. Wale wasemao usuluhishi na ukatili haviwezi kukutana kamwe wanapaswa kuyajibu matokeo haya.

Watetezi wa baraza letu nao wasishangilie mapema. Wazazi wale waliulizwa kwanza kuhusu ukatili, kwa dodoso maalumu, kila mtu peke yake. Hawakuonana ana kwa ana. Wasuluhishi walikuwa na mafunzo, na jengo lilikuwa na ulinzi. Na kuuliza huko ndiko kiini cha jambo, kwani utafiti wa awali wa kundi hilohilo la watafiti, wa mwaka 2011, ulionyesha kwamba wasuluhishi walipotegemea utaratibu wao wa kawaida, zaidi ya nusu ya wanandoa walioripoti ukatili kwenye dodoso hawakutambuliwa. Hao ni wasuluhishi waliopata mafunzo, waliokuwa wakijaribu kuutambua. Sisi barazani hatuulizi.

Kuna tofauti nyingine ambayo lugha yetu inaificha. Neno "usuluhishi" kwetu limebeba kazi mbili. Kule Washington wazazi walikuwa wameshaachana, na msuluhishi aliwasaidia kugawana wajibu: mtoto analala wapi, likizo anakwenda kwa nani, nani analipa nini. Hakuna aliyewaambia warudiane. Baraza letu lipo ili kupatanisha, yaani kurudisha ndoa, na mafanikio yake ni wawili kuondoka wameshikana mikono. Kwa mwanamke anayetishiwa maisha, mafanikio hayo ya baraza yanaweza kuwa ndiyo hatari yenyewe. Ndiyo maana sikubali utafiti wa kugawana malezi utumike kuhalalisha kikao cha kurudishana nyumbani. Kama tungekuwa na ujasiri wa kutenganisha maneno, upatanishi ubaki kwa wanaotaka kurudiana na usuluhishi uwe wa wanaotaka kuachana bila kuwaumiza watoto, nusu ya ubishi ungeisha.

Nifike kwa watoto. Kifungu cha 125 kinaitaka mahakama itangulize ustawi wa mtoto, kisha ipime matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kutoa maoni huru, na mila za jamii ya wahusika. Kinachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka saba ni vema akae na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Baraza halina mamlaka ya kutoa amri ya malezi. Lakini makubaliano huanzia hapo, na yanapofika mahakamani yameshapoa na kuganda. Mtoto ameshahamia kwa bibi mzaa baba, ameshaanza shule kule, na sheria hiyohiyo inaionya mahakama dhidi ya kumsumbua mtoto kwa kumhamishahamisha.

Hapo ndipo aliyezoea kutawala anapopata silaha nyepesi kuliko ngumi. "Ukiondoka, watoto ni wa ukoo." Hahitaji kuinua mkono tena. Mama anapima: nikitaja vipigo atakasirika atawachukua watoto, nikinyamaza nitapata angalau huyu mdogo. Anaacha kudai matunzo, anaacha kudai nyumba, anatia saini. Kwenye karatasi hayo ni maridhiano. Watafiti wa ukatili wa majumbani, hasa Michael Johnson tangu mwaka 1995, wametutahadharisha tusiweke ukatili wote kapu moja. Kuna ugomvi unaolipuka kwa hasira ya siku, na kuna utawala wa muda mrefu ambamo kipigo ni chombo kimoja tu kati ya vingi. Wa kwanza wakati mwingine unaweza kuzungumzwa. Wa pili huyageuza mazungumzo yenyewe kuwa uwanja wake, na baada ya kutengana huhamia kwenye siku za kumchukua na kumrudisha mtoto.

Mtoto mwenyewe yuko wapi katika haya? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa haki ya kutoa maoni. Barazani wanaoitwa ni baba na mama. Aliyelala chumba cha pili akisikia kila kitu, ambaye pengine ndiye shahidi pekee, haulizwi.

Wababa wana hoja yao pia, na haistahili kudharauliwa. Wapo wanaoogopa kwamba neno "ukatili" likiwa ufunguo wa kuruka baraza, kila anayetaka kuwanyima watoto atalitamka. Nimeifikiria hoja hii kwa muda. Naona inachanganya mambo mawili. Kusamehewa kikao cha baraza hakumpi mtu ushindi wowote. Kunamfikisha tu kwa hakimu, ambako lazima athibitishe madai yake na mume asikilizwe. Aliyedanganya amepata nini? Ameruka kikao kimoja. Aliyesema kweli akalazimishwa kukaa anaweza kupoteza mengi zaidi. Suala la malezi ni tofauti, na pale nakubaliana na wababa kabisa: tuhuma inayoweza kumtenga mzazi na mtoto ichunguzwe kwa ushahidi na taarifa ya ofisa ustawi wa jamii, na isichukue miaka, kwa sababu miaka miwili ya mtoto wa miaka minne ni nusu ya maisha yake.

Australia ilikabili swali hilihili. Mageuzi yake ya mwaka 2006 yaliwataka wazazi wanaogombea watoto wapite kwanza kwenye usuluhishi na walete cheti, karibu sawa na sisi. Lakini tangu mwanzo waliandika msamaha kwa penye ukatili wa kifamilia au mateso kwa mtoto. Katika Umoja wa Mataifa, Kamati inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilisema mwaka 2015 kwamba kesi za ukatili zisipelekwe kabisa kwenye njia mbadala za usuluhishi. Mwaka 2017 kamati hiyohiyo ilipunguza ukali kidogo: isiwe lazima, na iruhusiwe tu baada ya wataalamu kuhakikisha mwathirika ameridhia kwa hiari na kwa kuelewa, na hakuna dalili ya hatari zaidi. Nadhani msimamo wa pili ndio unaotufaa, kwa sababu unamwachia mwanamke uamuzi badala ya kumwamulia.

Kwa Tanzania hilo lingemaanisha mlango wa saba katika kifungu cha 101, ulioandikwa kwa maneno yasiyohitaji wakili kuyaeleza. Mlango wa sita uliopo, wa mazingira yasiyo ya kawaida, hautoshi. Kwanza mlalamikaji ajue upo, kisha amshawishi hakimu kwamba kipigo si kawaida, katika nchi ambayo tarakimu zinasema ni kawaida. Na msamaha usifungwe kwenye PF3, ile fomu ya polisi ya kumpeleka aliyeumizwa kwa daktari, au barua ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Wengi hawakufika polisi, na waliofanyiwa ukatili usioacha alama hawana cha kumwonyesha daktari.

Kinachonikwaza ni nani aulize. Kabla ya kikao chochote, kila mmoja anapaswa kuulizwa faraghani kama anaogopa kurudi nyumbani. Mjumbe wa baraza ni jirani, huenda ni shemeji, na jioni atakutana na mume dukani. Ofisa ustawi wa jamii angefaa zaidi, lakini si kila kata inaye. Wasaidizi wa kisheria waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wako karibu zaidi na watu, na miongoni mwao wapo wanawake wanaoijua kata yao nyumba kwa nyumba. Ningeanza na hao: chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, maswali machache yaleyale kwa kila mtu, na majibu yasiyoandikwa kwenye hati atakayokabidhiwa mume.