Mtaa unaishia wapi?

Ukimwambia dereva wa bodaboda wa Dar es Salaam akupeleke Sinza, atakuuliza: Sinza ya wapi, Mori, Kijiweni au Makaburini? Kwenye makaratasi ya manispaa, mitaa imepewa herufi: Sinza A, Sinza B, na kuendelea. Mkazi anazikumbuka herufi hizo siku ya kupiga kura au akifuata barua kwa mtendaji. Siku nyingine zote anaishi Mori.

Wapangaji wa miji endelevu wanasisitiza shule, soko na zahanati viwe karibu, mtu afike kwa miguu. Wazo si geni. Mwaka 1929 Mmarekani Clarence Perry alipendekeza mtaa unaozunguka shule ya msingi, barabara kubwa zikiwa mipaka yake. Kinachobishaniwa ni nani auchore mpaka huo.

Wanaotetea mpaka wa serikali wana hoja. Mwenyekiti huchaguliwa kila baada ya miaka 5, na wapiga kura wake lazima wajulikane. Bila mpaka, mtaro ukiziba hakuna wa kumshika shati. Tena mtaa wa watu wanaojuana unaweza kumsahau mpangaji aliyehamia mwezi jana. Hilo silipuuzi.

Lakini twende Mto Ng'ombe, pale unapopita kati ya Sinza na Tandale. Kwa mchora ramani, mto ni mpaka mzuri, hauhitaji hata kuwekewa alama. Huku ni Sinza, iliyopimiwa viwanja miaka ya 1970. Ng'ambo ni Tandale, ambako watu walijenga kabla ya kupimiwa. Kwa wanaoishi kingoni, mto huo uko katikati ya maisha yao. Nimemwona mtoto akivuka juu ya mbao mbili zilizofungwa kamba, viatu mkononi, begi kichwani. Mbao ile ikivunjika, ataitengeneza nani? Mamlaka ya ofisi ya huku yanakomea majini, na ya ng'ambo vilevile. Ukingo mmoja ukisafishwa, taka za ukingo wa pili zinashuka na kuziba palepale. Masika yakija, godoro linaloloa ni la huku na la ng'ambo. Huwezi kupanga mtaa endelevu huku umeukata mahali ambapo watu wanategemeana zaidi.

Njia ya kuwasikiliza wakazi ipo. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa vyuo kupita mitaa ya Dar es Salaam pamoja na wenyeji, wakichora nyumba, vichochoro na mitaro. Mama aliyekaa kingoni miaka 20 hahitaji kifaa: anaweka kiganja ukutani, anakuonyesha maji yalipofika.

Kwa hiyo mpaka wa kura ubaki. Fedha za mtaro na kivuko ndizo zifuate bonde, na wenyeviti wa ng'ambo zote mbili wapange pamoja, wakiwa na yule mama, kabla ya masika kuanza Machi.